Mume Wangu Ananukia Jiko la Mama Karai

Kama wiki iliyopita hukunipata, nikuonjeshe kidogo kisha tuendelee. Mume wangu ni mtu wa maji taka. Tangu anioe alikuwa mzibuaji wa mabomba, na jioni akirudi hata paka wa jirani alikuwa akimpisha njia. Mimi nilikuwa mwanamke mwenye raha zake. Wenzangu walilala jicho moja wazi kwa ajili ya waume zao. Wangu nani angemtaka?

Kisha wakampandisha cheo. Wakamvika koti la mkaguzi, kazi yake ikawa kupita kwenye migahawa na kuangalia kama kila jiko lina mtego wa mafuta, yaani lile tangi la chini ya ardhi linalonasa mafuta ya vyombo kabla hayajaingia kwenye bomba la umma na kuganda humo. Bosi wao aliwaambia mbele yetu sisi wake zao, siku ya kugawa makoti: mkaguzi atakayemfichia mtu mafuta, koti analivua hapo hapo na kazi imekwisha. Tukapiga makofi.

Na harufu ikabadilika. Mume wangu akaanza kurudi ananukia vitunguu vya kukaanga na sabuni ya ndimu. Ilikuwa kila Alhamisi, na kila Alhamisi harufu ni ile ile ya jiko lile lile.

Jiko lenyewe ni la Mama Karai. Ni mjane, kifua mbele, sauti ya kubembeleza, na anamwita kila mwanaume "kaka yangu" kwa namna ambayo kaka yako wa tumbo moja angeona haya. Niliishia pale nilipoapa kwamba Alhamisi inayofuata nitakwenda kujionea kwa macho yangu.

Nilikwenda.

Wanangu pacha niliwaacha kwa mama yangu. Nyumba ya mama iko nyuma ya jiko la Mama Karai, ukuta kwa ukuta, na nilimkuta anakaanga samaki wake wa kuuza dirishani, kazi iliyotulea sisi sote. Akaniuliza mbona nimejifunga mtandio kiunoni kama mtu anayekwenda kugombana. Nikamwambia naenda dukani mara moja.

Nikazungukia uchochoroni. Geti la uani kwa Mama Karai lina tundu, na Mungu alivyo mwema tundu hilo liko sawasawa na jicho langu.

Mume wangu alikuwa amepiga magoti. Mikono ya shati kaikunja mpaka juu, kainamia shimo, anazoa mafuta yaliyoganda kwa koleo na kuyatia kwenye ndoo. Mafuta meupe, mazito, yanayonuka mpaka nilipokuwa mimi. Sasa nisikilize. Kazi ya mkaguzi ni kukagua. Kuzoa ni kazi ya mwenye jiko. Na huyu ninayemsema ni mwanaume ambaye kwangu hajawahi kuhamisha hata kijiko kutoka mezani kwenda kwenye sinki.

Mama Karai akatoka na birika la maji, sabuni na taulo. Taulo jipya, jamani. Akammiminia maji mikononi polepole, kama vile maji yenyewe yangemwumiza. Wakacheka jambo. Mimi sikusikia cha kuchekesha.

Kisha yule mwanamke akamwuliza, "Mpaka lini utamficha mkeo?"

"Mpaka nipate pa kuanzia," mume wangu akasema. "Unaujua ulimi wake."

Roho iliniuma. Ulimi wangu! Ulimi wangu umeshakuwa mazungumzo ya uani kwa watu.

Mwingine angevunja geti. Mimi sikuvunja. Mwanamke anayepigana barabarani anampa mwenzake ushindi wa bure, hilo nililijua tangu zamani. Nikarudi nyumbani nikapika, na chumvi ya siku ile walioila wanaikumbuka mpaka leo.

Jioni nilimwuliza mume wangu siku yake ilikuwaje. Ya kawaida, akasema. Nikamwomba anisaidie vyombo, nione. Akasema mikono imechoka. Nikaitazama ile mikono iliyochoka, misafi, kucha zimesuguliwa, nikamsogelea nikamnusa shingoni. Ndimu. Akanisukuma taratibu, akauliza kwa nini siku hizi namnusa kama mbwa wa polisi.

Alhamisi iliyofuata nikaugua.

Nilianza na kichwa, nikashuka tumboni, nikamalizia miguuni. Mume wangu akaomba ruhusa kazini, akakaa nami kutwa nzima, akanikanda miguu, akanipikia uji ukaungua. Nakwambia ukweli, niliufurahia uji ule kuliko chakula chochote nilichowahi kula. Lakini kila nikifumbua jicho namkuta anatazama dirishani kuelekea kule. Hatulii. Anasimama, anakaa. Mtu mzima anahangaika kama kuku anayetafuta pa kutagia, eti kwa sababu hajaenda kwa Mama Karai.

Kwa hiyo Alhamisi iliyofuata nikaugua tena, na safari hii zaidi.

Akaniomba atoke kidogo tu, nusu saa, kuna kitu lazima akifanye. Nikamwuliza kitu gani hicho kisichoweza kumngoja mgonjwa. Akafungua mdomo, akanitazama, akaufunga. Nikageukia ukutani nikalia, na machozi yale hayakuwa ya kuigiza. Hakutoka.

Siku chache baadaye barabara iliyo mbele ya jiko la Mama Karai ikachafuka. Bomba la umma lilikuwa limeziba, maji taka yakatoka kwenye mfuniko na kutambaa barabarani, wateja wakawa wanaruka kwa vidole huku wameshika pua. Nilisimama ng'ambo nikatazama. Mimi si mtu mbaya, lakini nilitazama kwa muda mrefu. Mama Karai alikuwa na fagio anasukuma uchafu kutoka mlangoni pake, jasho linamtoka, wala hakuwa na kaka wa kumsaidia.

Hapo ndipo shetani aliponishika mkono, au mimi ndiye niliyemshika yeye.

Nikaenda ofisini kwao kumwona bosi, mzee mkavu asiyevua kofia hata akiwa ndani. Nikamwambia Mama Karai ndiye anayemwaga mafuta kwenye bomba. Akaniuliza mbona mkaguzi wa eneo lile hajaandika chochote, na mkaguzi mwenyewe ni mume wangu. Nikasema mume wangu hana kosa, ni mpole mno, anazungushwa kwa maneno matamu. Niliamini nimepanga vizuri. Jiko litafungwa, mwanamke atahama, mume wangu atakemewa kidogo tu na kurudi nyumbani akinuka kama zamani.

Wivu unampa mtu akili nyingi, lakini zote za upande mmoja.

Kesho yake bosi akaja na vijana wake wawili na mume wangu. Mtaa mzima ukajaa uani kwa Mama Karai, na mimi mstari wa mbele. Mume wangu aliponiona hakunisalimu.

Kumbe uani mna vifuniko viwili vya chuma, kimoja karibu na jiko na kingine karibu na ukuta. Kwangu mimi shimo ni shimo, na siku ile ya tundu sikujali ni lipi. Bosi akaamuru kifunguliwe kile cha kwanza, ambacho ndicho mtego wa Mama Karai. Akainama, akamulika, akatikisa kichwa. Akasema hajaona mtego safi kiasi hicho tangu aanze kazi, na kwamba mwenye jiko hili anastahili pongezi.

Pongezi. Nilitaka kumeza mtandio wangu.

Kikafunguliwa cha pili. Hiyo ni chemba, bosi akatueleza, mahali bomba la jikoni linapokutana na bomba jingine kabla ya kutoka barabarani pamoja. Na humo ndimo mlimokuwa na balaa. Mafuta yameganda chemba nzima, meupe, yamepasuka juu kama tope lililokauka. Yasingeweza kupita kwenye mtego ule safi. Yalitoka kwenye lile bomba jingine, linaloingia kwa kupita chini ya ukuta.

"Nyuma ya ukuta wanaishi akina nani?" bosi akauliza.

Mume wangu akajibu haraka kwamba ni nyumba za watu tu, siyo migahawa, na kwamba aachiwe kazi hiyo, ataimaliza mwenyewe kesho bila kusumbua watu. Alikuwa anatoka jasho. Nikamtazama, nikamtazama Mama Karai aliyekuwa anamtazama yeye, nikasema moyoni: angalia anavyomkinga. Mbele yangu na mbele ya bosi wake.

Bosi akasema hapana, watapima kwa rangi leo leo. Ndivyo wanavyofanya. Wanachanganya unga mwekundu na maji, wanaumwaga kwenye sinki la nyumba wanayoishuku, kisha wanaenda kusubiri kwenye chemba. Rangi ikitokea, mwenye mafuta amepatikana. Nyuma ya ukuta kuna nyumba mbili, ya fundi cherehani na ya mama yangu.

"Anzeni na ya mama yangu," nikasema kwa sauti, "mkishamwondoa yeye tutajua pa kutazama. Tena rangi nitaimwaga mwenyewe."

"Mama Pacha, nyamaza," mume wangu akasema.

Hajawahi kuninyamazisha mbele za watu. Hata siku nilipomtukana shangazi yake hakuninyamazisha. Basi nikachukua ile chupa ya rangi mkononi mwa kijana, nikatoka mbele, kichwa juu. Nyuma yangu nilimsikia mume wangu akiniita tena, lakini si kwa ukali, na ningekuwa na masikio ya kusikia ningegeuka.

Mama alikuwa jikoni. Nilimwamkia juu juu, nikamwambia watu wa maji taka wanapima mabomba, ni jambo dogo, nikamimina chupa yote kwenye sinki lake na kufungulia maji. Rangi ikazunguka, ikashuka.

Ndipo nikaliona karai lake limeegeshwa pembeni, limeoshwa, bado lina joto. Kwa miaka mingi kiasi gani nimeliona karai lile? Sheria ya mitego nilijua ni ya wenye migahawa. Mama ni mama, anakaanga nyumbani, anauza dirishani.

"Mama," nikasema, "mafuta yakichakaa unayatupa wapi?"

"Si hapo hapo? Nayafuatishia maji ya moto na sabuni. Hayabaki hata tone."

Na kweli hayabaki, kwake. Yanashuka yakiwa bado ni maji, yanapita chini ya ukuta, yanapoa, yanaganda kwenye chemba ya jirani. Nilijaribu kuziba tundu la sinki kwa kiganja changu. Mama akaniuliza kama nina akili timamu.

Niliporudi uani wote walikuwa wameinama. Kwenye ule weupe wa mafuta kulikuwa na mstari mwekundu unatambaa.

Mume wangu akaja akasimama karibu nami, akasema chini chini bila kunitazama, "Nilikuwa namzolea mama. Ningemwambiaje mkwe wangu kwamba uchafu wake unaganda uani kwa watu? Nikienda pale ananifutia kiti kwa nguo yake. Nilitaka wewe umwambie, mtoto wake. Lakini kila nikianza, wewe unaanza kuninusa."

Kwa hiyo Alhamisi zote zile alikuwa kwenye magoti kwa ajili ya mama yangu. Na mimi ndiye niliyemzuia, Alhamisi mbili mfululizo, kwa maradhi ya uongo, mpaka mafuta yakafika barabarani. Mtu akisema mchimba shimo hutumbukia mwenyewe, mimi nimelichimba, nimelipaka rangi na kuita watu waje waone.

Bosi alikuwa ameshaelewa nusu yake. Akasema nyumba inayokaanga kwa kuuza bila mtego inafungiwa biashara, na gharama za kuzibua ni juu yake. Kisha akamgeukia mume wangu, akamwuliza kama alikuwa akijua. Mume wangu akaanza kufungua vifungo vya koti lake. Nilimwona mama yangu anaingia getini, anafuta mikono kwenye gauni, anatabasamu, hajui kitu, anauliza mabomba yameonekanaje. Anamwamkia bosi kwa adabu zake zote.

"Mafuta ni yangu."

Aliyesema ni Mama Karai.

Akasogea mbele. Akasema yeye ndiye anayempelekea mama yangu ndoo za mafuta machafu, anamdanganya kwamba ni maji ya vyombo, na kumwomba ayamwage kwake kwa sababu sinki la jikoni limeziba. Ndiyo maana mtego wake ni safi. Akasema mama hajui lolote na mkaguzi hajui lolote, wote wamedanganywa, na kama ni kufungiwa afungiwe yeye.

Mama yangu akashangaa, akataka kusema kitu. Mama Karai akamshika bega, akamwambia, "Nisamehe, mama yangu," na mama, kwa huruma zake, akaona vibaya kumkatalia mtu anayeomba msamaha.

Watu wakaguna. Bosi akamkumbusha kwamba jiko ndilo linalomlisha. Mama Karai akajibu kwamba anajua.

Sasa ndugu msomaji, mwenye busara hapo angepiga magoti akashukuru. Mama yangu amepona. Mume wangu amepona. Adui yangu anajifunga mwenyewe, na jiko lile nililoliombea mabaya linakwenda kufungwa bila mimi kuinua kidole. Nilichokuwa nakitaka nimepewa, kimefungashwa vizuri.

Lakini nilimtazama mume wangu. Vidole vyake vilikuwa vimesimama kwenye kifungo cha koti, na alikuwa akimtazama yule mwanamke kwa macho ambayo mimi sijawahi kutazamwa nayo, si siku ya ndoa wala siku niliyomzalia watoto wawili kwa mpigo. Nikauliza moyoni: mimi nimempa nini mtu huyu kinachofanana na hiki? Hata uji aliupika yeye. Mwanamke wa watu anampa jiko lake zima mchana kweupe, na kuanzia leo kila asubuhi akivaa koti lile atakuwa amevikwa na Mama Karai.

Nikaona bora tulale njaa.

"Muongo," nikasema. "Mafuta ni yangu mimi. Mimi ndiye ninayekaanga kwa mama na kumwaga. Huyu hajawahi kuleta ndoo hata moja."

Nilidhani nimemshinda. Kwa muda wa pumzi moja nilijiona mrefu kuliko ukuta ule. Kisha nikaona uso wa Mama Karai, ulivyoporomoka, akafumba macho kama mtu aliyeona sahani inaanguka na hawezi kuidaka.

Bosi alivua kofia. Ilikuwa mara ya kwanza kuona kichwa chake.

"Mke wa mkaguzi," akasema taratibu. "Anayeziba bomba ni mke wa mkaguzi, na mkaguzi analala naye kitanda kimoja halafu hajui."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Kusema kweli sikuwa nimefikiria lolote. Bibi wa watu aliyedanganywa angesamehewa, na mkaguzi aliyedanganywa na jirani angesamehewa. Mkaguzi aliyefichiwa na mke wake nani atamwamini? Nilikuwa nimeuchukua mlango pekee uliokuwa wazi nikaufunga kwa mkono wangu, kwa kuwa mwanamke mwingine ndiye aliyeufungua.

Mama akaanza kulia. Akasema jamani mimi ndiye ninayekaanga, watoto hawa wana nini, lakini hakuna aliyemsikiliza tena, wote walidhani mzee wa watu anamkinga bintiye.

Bosi akasogea mpaka akasimama uso kwa uso na mume wangu.

"Nina wanawake wawili hapa, kila mmoja anasema mafuta ni yake," akasema. "Mmoja anadanganya kwa ajili yako, na mimi ni mzee, siwezi kujua ni yupi. Wewe unawajua wote. Nitajie mwenye mafuta. Nitafuata utakavyosema, na hatutarudi nyuma."

Mume wangu akanitazama mimi, akamtazama Mama Karai, akamtazama mama mkwe wake aliyekuwa anajifuta machozi kwa pindo la gauni. Mimi nilikuwa sitaki kazi tena, sitaki koti. Nilitaka kitu kimoja tu duniani, na nilikitaka kwa uchungu mpaka meno yaliniuma: hata kama ni kwa kunifunga, anitaje mimi.

Akafungua mdomo, na jina alilolitaja halikuwa langu.